Mila ya Kufunga Viti

Mwanangu Kipruto alinunua meza na viti sita kwa simu. Vilitoka Nairobi vikiwa vimelala ndani ya katoni. Nilipomuuliza viti viko wapi, aligonga katoni akaniambia, "Viko humu, mama."

Nikamwambia basi wakwe wataingia humo mmoja mmoja.

Hakucheka. Jumamosi watu wa Londiani walikuwa wanakuja kwa koito, yaani kumposa mjukuu wangu Nelvine, binti wa Kipruto, na kupatana ng'ombe. Kipruto alikuwa ameshapeleka benchi zetu kanisani, eti wakwe wasikae kwa mbao yenye misumari. Viti vya plastiki vya kanisa navyo vilikuwa vimekodishwa kwa harusi huko Silibwet. Kwa hivyo heshima yote ya boma letu ilikuwa ndani ya hiyo katoni. Mkwe akikosa mahali pa kukaa siku ya koito hasemi kitu. Anarudi kwake, na huko ndiko anasema.

Kipruto alikaa chini sebuleni na kile kitabu cha maelekezo. Hakikuwa na maneno. Kilikuwa na picha za mtu mmoja mwenye upara, hana nguo, anacheka peke yake huku akishika mbao. Kila mbao ilikuwa na herufi, na herufi za kitabuni hazikukubaliana na za mbao.

"Huyu mtu anacheka nini?" akauliza Chelangat, mke wake.

"Amemaliza chake," nikamwambia.

Kufika Ijumaa jioni Kipruto alikuwa amefunga kiti kimoja. Kilikuwa na miguu mitatu chini na mmoja ukiangalia juu kama unaomba mvua. Nilimuuliza kama huo ni wa kuning'inizia kofia. Akakifungua chote, akaenda kulala bila ugali.

Jumamosi wageni walifika mapema. Mbwa alipoanza kubweka, mbao bado zilikuwa zimetapakaa sebuleni, na Kipruto alikuwa amepiga magoti katikati yake na tai yake mpya begani. Nelvine alinijia jikoni, macho yamejaa.

"Kogo, nyanya yangu, watakaa wapi? Watasema tumewadharau. Watarudi kwao."

"Nawa uso," nikamwambia. Nikafunga kitambaa changu cha kanisa, nikatembea polepole mpaka langoni.

Walikuwa watu watano. Kijana mwenyewe, Kipkemboi, baba na mama yake, mjomba wake mmoja mnene, na babu yake, mzee Chepyegon, kofia imeshuka mpaka kwa nyusi. Tukasalimiana. Wakaanza kuchungulia mlangoni, wakaona mbao.

"Karibuni sana," nikasema. "Mmeona tumewatayarishia. Nyinyi ni watu wa mila, sina haja ya kuwaeleza. Huku kwetu Bomet mkwe hakalii kiti ambacho hakukifunga kwa mkono wake."

Wakaangaliana. Watu wa siku hizi mila hawazijui, lakini hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema hajui, tena mbele ya wakwe.

Mjomba ndiye alianza. "Hata Londiani iko. Ni vile imepungua kidogo."

"Mamangu alikuwa anaitaja," akasema mama ya kijana.

Baba alikuwa ameshavua koti. Mzee Chepyegon peke yake alinitazama chini ya kofia yake muda wa maziwa kuchemka.

Tukatoa mbao zote nje kwenye nyasi, kando ya shamba la majani chai, na kazi ikaanza.

"Geuza," akasema mjomba.

"Nimegeuza," akasema baba.

"Geuza kitabu, si mbao."

"Na huyu asiye na nguo ndiye tunafuata?"

"Mfuate mikono. Kwingine usiangalie, kuna wakwe."

Kipruto, ambaye alikuwa amejificha nyuma ya tangi la maji kwa aibu, akasogea. Njia zote mbaya alikuwa ameshazipitia, kwa hivyo kila mtu akikosea yeye alikuwa anajua mwisho wake. Akawa mtu wa maana. Kipkemboi naye alifunga kiti kizima, kusimamisha akakuta mgongo uko mbele. Nelvine alikuwa anapita na chupa ya chai.

"Angalia bwana unayepata," kijana akamwambia. "Atakujengea nyumba, mlango uwe kwa paa."

Nelvine akacheka mpaka akamwaga chai. Hapo mimi nikaona huyu anafaa. Mtu anayejicheka hawezi kumpiga mke kwa sababu ya chumvi.

Viti vikasimama, meza pia. Lakini nilimwona Kipkemboi akitazama kiganja chake, halafu akaingiza mkono mfukoni haraka. Skrubu zilikuwa zimebaki. Nikageuka, nikakuta Chepyegon ananiangalia nikiangalia.

"Mama Kipruto," akasema kwa upole, "umetukumbusha mila, na mimi nimekumbuka nyingine. Kwetu viti vikishafungwa, nyanya ya msichana ndiye anakaa kwanza, na hainuki mpaka maombi yaishe. Asipokaa, tunajua hatutakiwi."

Nikamwangalia Kipruto aniokoe.

"Hata huku iko," akasema Kipruto, mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Nelvine alikuwa ameshika mdomo. Nikasogea kwa kiti, nikashuka mpaka marinda yakakigusa, nikabaki hapo. Nimechuma chai kwenye mteremko tangu nikiwa msichana. Kusimama kama aliyekaa ninakujua. Chepyegon akavua kofia, akaanza kuomba. Akaombea mvua. Akaombea bei ya majani, ng'ombe wa pande zote mbili, walimu, madaktari na wasafiri. Alipowatoa wana wa Israeli kule Misri, nikajua tuko mbali bado. Nikafungua jicho moja, nikakuta naye amefungua lake.

Magoti yakakataa. Nikakaa, mwili wote. Kiti kikasema krrk, kikaegemea upande wa Chelangat, kikasimama hapo hapo.

"Amina," akasema Chepyegon, bila kuwavusha Israeli bahari.

Tukaingiza viti na meza sebuleni, kila mgeni akakaa kama anayekalia mayai. Koito nyingine watu hubishana mpaka jua litue, wakipiga meza. Siku hiyo hakuna aliyethubutu kupiga meza. Tulipatana ng'ombe kabla kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, hakijazunguka mara ya pili, na harusi ikawekwa Desemba.

Wakati wa kuagana, mzee Chepyegon aliniwekea zile skrubu zilizobaki kwenye kiganja.

"Ziweke," akasema. "Ni mila."

Wiki jana nilikuwa soko la Ndanai. Mama mmoja nisiyemjua akaniuliza ni wapi watu wananunua vile viti vya kufungwa na wakwe, maana binti yake anaposwa na hataki boma lao lisemwe limeacha mila. Nikamwelekeza vizuri. Nikamuuliza pia kama mama mkwe wake yuko hai. Akasema yuko, tena anamsumbua sana.

"Basi usisahau," nikamwambia, "huyo ndiye anakaa kwanza."