Meli ya Adelard

Mume wangu Adelard alikuwa akisubiri meli. Mwaka 1943 ulikuwa umeingia, vita inaendelea ng'ambo, na bandarini alikokuwa karani hakukuwa na saruji wala bati lililoshuka kwa miezi mingi. Kila jioni alirudi Temeke kwenye chumba chetu cha kupanga, akatundika kofia, akasema, "Wanasema ipo njiani."

Mimi miguu huniwasha nikikaa. Kiwanja chetu cha Kinondoni tulipewa kwa sharti moja: tarehe mosi Machi Jumbe angepita, na asipokuta nyumba iliyoezekwa na watu wanaishi ndani, angempa mtu mwingine. Januari ilikuwa inakatika, na kiwanjani palikuwa na vichaka na mbuzi wa watu.

"Nyumba ya karani ni ya saruji na bati, Kokuberwa," alisema Adelard.

"Basi isubiri meli yako!" Hasira ilikuwa imenifika puani. "Na mpaka ifike, usiniambie neno lolote kuhusu nyumba hii. Hata moja!"

Alinitazama, kisha akaitikia kwa kichwa, jinsi anavyoitikia amri za ofisini.

Kesho yake nikaanza kuzunguka. Boriti za mikoko nilizifuata kwa wakataji wa Msasani. Siku ya kwanza nikaambiwa zimekwisha, ya pili nikawahi kabla ya jua. Chokaa niliifuata Mbweni, wanakochoma matumbawe, nikarudi mweupe kope hadi nyayo. Shoka na tezo alinifulia Fransis, mhunzi wa Temeke aliyetoka Masasi, kwa springi ya lori bovu. Nilisimama mbele ya moto wake tangu asubuhi, nikiuliza kila baada ya pigo la nyundo kama bado.

"Dada," alisema mwishowe, "chuma hakisikii kelele."

Misumari niliitafuta mji mzima nisiipate. Fundi wangu, Mzaramo aitwaye Mwinjuma, alinicheka.

"Misumari ya nini, mama? Mie nafunga kwa kamba za usumba wa nazi. Nyumba ya babu yangu haijui msumari, na mpaka leo watu wanalala ndani."

Na kweli, kiunzi kilisimama bila msumari hata mmoja. Tukakandika udongo chumba kimoja, nikarundika makuti niliyonunua kwa akina mama wa Msasani. Ikabaki kuezeka tu. Alhamisi ya mwisho ya Februari, Mwinjuma akaletewa habari ya msiba Chanika.

"Jumamosi asubuhi nimerudi," alisema. "Siku mbili zinanitosha. Ila makuti msiyaguse."

Sikulala usiku ule. Je, asiporudi? Je, mvua ikiwahi? Ijumaa nilimchukua jirani yangu Jovina, mwenzangu wa Bukoba, tukapanda juu wenyewe huku wapita njia wakitushangaa. Kwetu, msonge huanzia kileleni: kilele husukwa kwanza, kisha nyumba inateremka mpaka chini. Nimekua nikiliona hilo. Kwa hiyo tulianza juu tukateremka, kila safu mpya tukiilaza juu ya ile iliyotangulia. Jua lilipozama paa lilikuwa limefunikwa lote.

Jumamosi Mwinjuma hakutokea. Nikajipongeza kwamba sikumngoja. Adelard alikuja kutoka kazini, akasimama chini ya paa akiwa ameinua kichwa kwa muda mrefu. Akafungua mdomo, akanitazama, akaufunga.

"Unaona?" nikamringia. "Makuti hayapitii bandarini."

Jumapili baada ya misa tukahamisha kitanda, jiko na sanduku letu. Alasiri ikanyesha.

Haikuwa mvua kubwa. Lakini kila tone lililoteremka kwenye makuti ya juu liliingia chini ya safu iliyofuata, likaangukia ndani. Godoro likalowa, sanduku likalowa, udongo wa ukutani ukaanza kuteleza. Kesho asubuhi Jumbe angekuta nini? Nilikaa kwenye godoro lile nikalia kwa hasira, na sikujua niliyemkasirikia.

Adelard alisimama mlangoni, kofia mkononi, maji yakimchuruzika shingoni.

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Tangu jana. Hata kwetu, Kokuberwa, kinachoanzia juu ni fito. Nyasi huanzia chini, safu ya juu iilalie ya chini. Marehemu baba alikuwa ananipandisha huko nimsaidie."

"Na ukanyamaza!"

"Ulisema nisiseme mpaka meli ifike."

Nilitafuta kitu cha kumrushia. Nikamtazama usoni, nikitarajia kuona kejeli, na haikuwapo. Alikuwa amechoka tu, na amelowa, na kwa mwezi mzima alikuwa ametii neno nililolitamka kwa hasira na kulisahau siku ileile. Aibu ilinishika.

"Basi imefika, Adelard," nilisema. "Sema."

Aliweka kofia juu ya sanduku. Akavua viatu, akavua soksi, akakunja suruali mpaka magotini.

"Tufumue yote," alisema. "Tuanzie kwenye upenu."

Tulifumua mpaka giza likatuzuia, tukaendelea alfajiri, mimi nampa makuti, yeye anafunga. Jumbe alitukuta imebaki safu moja. Nilitaka kuanza kueleza, nikajizuia.

"Shikamoo, Jumbe," Adelard alisema kutoka juu. "Tuwie radhi, safu moja tu."

"Marahaba." Jumbe alichungulia ndani, akaona kitanda, akaona jiko lina moto. Akaketi juu ya boriti iliyosalia, akangoja. Kuti la mwisho lilipofungwa, aliandika kwenye daftari lake, kisha akanigeukia.

"Huyu si yule karani wa bandarini? Kumbe anajua kuezeka?"

"Anajua," nilisema. "Mimi ndiye sikumwuliza."