Sahihi ya Asiyehudhuria

Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, dada wa maabara alimfunga fundi cherehani mpira juu ya kiwiko, akaupata mshipa mara ya kwanza, akajaza kichupa chenye kifuniko cha njano. Huu ulikuwa mwezi wa sita na wa mwisho wa vipimo. Wagonjwa wa kutetemeka walikuwa wakitoa damu kila mwezi ipimwe madini ya chuma, mafuta na asidi ya yuriki, ambayo kwa wengi wao huwa chini kidogo. Mwenye vipimo vyote sita angeandikwa kwenye orodha ya dawa mpya.

Dada alipokiweka kichupa kwenye kibao chake, kikaanza kutetemeka. Kilikwenda kwa mwendo uleule wa mkono wa kulia wa fundi, na mkono wenyewe ukatulia juu ya goti kama paka aliyeshiba.

"Mtetemeko umehamia humu," alisema dada, huku akibandika lebo. "Damu ya mwalimu mstaafu nayo ilifanya hivi wiki iliyopita."

"Sasa inakuwaje?"

"Damu isiyotulia mashine haiisomi, mzee wangu. Ukikishika mwenyewe kitatulia na nitapima, ila mtetemeko utarudi mkononi. Mwalimu alikishika. Jina lake lipo."

"Na nisiposhika?"

"Daftari lina maneno mawili tu: 'imesomwa' na 'hakuhudhuria'."

Fundi aliitazama mikono yake. Kitindamimba wake alikuwa anaolewa Jumamosi. Gauni lilikuwa mezani, limekatwa, halijaguswa na sindano, kwa sababu mkono ule ulikwisha kuharibu kola mbili za wateja. Mkewe alikuwa ameanza kumtaja fundi wa mtaa wa pili, kwa upole unaouma kuliko tusi. Binti ndiye aliyekataa katakata. Alisema baba atashona, la sivyo ataolewa gauni likiwa limeshikwa kwa pini.

"Mgonjwa haulizwi uji," alisema fundi. "Lakini leo umeniuliza, mwanangu, na mimi nataka gauni."

Dada alitamani kumkatalia, maana alijua dawa ile ilivyosubiriwa. Akapiga moyo konde, akaandika 'hakuhudhuria' mbele yake. Fundi akatia sahihi pembeni, kama kanuni ilivyotaka. Ilikuwa sahihi yake ya kwanza kusomeka tangu mwaka juzi. Kichupa kikaingia kwenye friji, kimezungushiwa pamba kisivigonge vingine.

Siku nne zilizofuata fundi alishona. Alitia uzi kwenye tundu la sindano kwa jaribio moja tu, na mkewe aliyeona kutoka mlangoni akaenda jikoni, kisha akarudi kuhakikisha. Mgongoni mwa gauni aliweka vifungo arobaini vidogo, japo kumi na viwili vingetosha. Alikuwa na furaha mpaka akaona haya. Jumamosi binti alilivaa, na mama mkwe wake akauliza ni fundi gani huyo, ili naye aende kwake. Mke wa fundi ndiye aliyejibu, kwa sauti ya kusikika meza zote.

Jumatatu orodha ilibandikwa mlangoni pa kliniki. Jina la mwalimu lilikuwepo. La fundi halikuwepo, naye akaingia kuuliza.

Daktari mkuu, mtu mpole mwenye haraka, alifungua daftari. "Mwezi wa sita hukuhudhuria, mzee."

"Nilihudhuria, daktari. Sahihi yangu hiyo hapo."

"Naiona. Nzuri sana. Lakini imeandikwa hukuhudhuria."

Fundi aliliona neno lile, akaona pia kwamba kifungo cha pili cha koti la daktari kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja. Hakuwahi kuvumilia jambo kama hilo. Akachomoa sindano kwenye ukosi wake, akamwomba daktari asimame wima, akaanza kushona.

"Mikono imara kweli hiyo," alisema daktari, akiitazama kwa karibu. "Kwani wewe ulikuwa unaumwa nini?"

"Kutetemeka."

Daktari akatikisa kichwa kwa huruma. "Tatizo lenu hamji. Mngekuwa mnakuja, tungewasaidia."

Fundi akapiga fundo, akaukata uzi kwa meno. Daktari akafunga kifungo, akamshukuru, akamwita anayefuata.