Kadi Ndani ya Kikopo cha Ugoro

Mzee Wekoye wa Saboti aliwahi kumsamehe mwizi wa ng'ombe. Lakini Hillary, fundi wa kompyuta wa Kitale, huyo Wekoye hakumsamehe.

Chanzo kilikuwa kitabu. Wekoye alijifunza kusoma akiwa na miaka thelathini na minane, kwenye masomo ya ngumbaru, na tangu hapo aliamini kwamba lisiloandikwa limezikwa. Kwa miaka tisa alizunguka kwa wazee akiuliza nani alitahiriwa mwaka gani na rika gani. Aliyaandika majina kwenye kompyuta yake, na sauti za wazee akazihifadhi humo humo. Wengi wao sasa wako chini ya udongo. Siku kompyuta ilipokataa kuwaka, aliifunga kwa blanketi akaipeleka Kitale.

Hillary aliifungua, akainusa, akatikisa kichwa.

"Board imeungua, kuka," alisema, akimwita babu kwa Kibukusu.

"Na disk? Kitabu changu kiko kwa disk."

"Disk pia imeungua. Hii sasa ni chuma, niachie nikutupie. Si ukalale tu, kuka? Vitu ya kubonyeza ni ya watoto, bana."

Wateja walicheka. Wekoye alirudi Saboti na blanketi tupu begani. Kicheko kile alilala nacho, akaamka nacho, kwa miaka miwili.

Aliyemfungua macho ni Nyaruai, mama anayetengeneza simu karibu na soko la Kitale. Siku moja alimwonyesha kadi ya memori, ndogo kama ukucha.

"Mzee, mfumo wote wa kompyuta nimeweka hapa. Ukichomeka kwa mashine, inawaka kutoka kwa kadi. Haijali disk iko ama haiko."

"Na kama board imeungua?"

"Hapo hata kadi haiwezi."

"Na kama disk iko, lakini mtu ameifungia na password yake?"

Nyaruai alicheka. "Hiyo password ni ya mlango yake. Wewe utakuwa umeingia na mlango yako."

Wekoye alimwomba arudie polepole, akaandika kwenye daftari. Kwa miezi minne, kila Jumanne, alikaa kwenye kaunta ya Nyaruai akijifunza. Kadi aliyojitengenezea huko aliitia kwenye kikopo cha ugoro alichoachiwa na baba yake, akakifunga vizuri.

Ndipo Lenah, binti wa dada yake, akapiga simu kutoka Bungoma. Kikundi chao cha akina mama kilikuwa kinanunua kompyuta sita zilizotumika.

"Khocha, njoo uzipime kabla hatujapokea. Wewe ndiye mjomba wetu na wewe ndiye umesoma. Fundi anatoka Kitale, anaitwa Hillary."

"Nitakuja," alisema Wekoye. Usiku huo alilala usingizi wa mtoto.

Ukumbini Bungoma, kompyuta zilikuwa zimepangwa mezani zikimeta. Hillary alimsalimu bila kumtambua, maana anayecheka wengi hakumbuki sura. Wekoye alipita meza kwa meza akipapasa chini ya kila mashine. Chini ya mashine ya nne, kidole chake kilikuta herufi W, aliyoichora mwenyewe kwa msumari.

Kumbe chuma kilikuwa hai.

Aligeuza kioo kimwelekee yeye peke yake, akachomeka kadi, akaiwasha upya huku akibonyeza kitufe alichofundishwa. Mashine haikuuliza password ya Hillary wala haikumtaja. Wekoye alifungua disk, na ndani, chini ya takataka za Hillary, kitabu chake kilikuwa kizima pamoja na sauti zote. Mwizi hakuwa hata na bidii ya kufuta. Wekoye aliamuru vyote vinakiliwe kwenye kadi. Kioo kikamjibu: dakika kumi na nne.

"Kuka, ni nini umechomeka hapo?" Hillary aliuliza. "Ati toa! Utaniharibia mashine." Akaanza kuja.

Wekoye alishika fimbo yake akasimama. "Watoto wangu, naomba kusema."

Hillary alidhani mzee atasalimu tu na kuketi, kwa hiyo akasimama kumpisha. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, kwa sababu Wekoye alianza kuhesabu rika. Na Bungoma, mzee mwenye fimbo akianza kuhesabu rika, ni nani wa kumkatiza? Akina mama waliweka vikombe chini. Kolongolo, Kikwameti, Kananachi. Alitaja kila rika, kila mwaka na watu wake, bila haraka, jicho moja likiwa kwenye kioo. Hillary, mtoto wa Mbukusu, alibaki ameganda mkono ukiwa hewani. Dakika ya kumi alimkaribia, akanong'ona:

"Kuka, nimekukumbuka. Tumalizie nje. Disk nitakupea, usiseme tu."

"Mmesikia?" Wekoye alipaza sauti. "Ati atanipa disk! Disk gani, na aliniambia ya kompyuta yangu imeungua?"

Akaendelea kuhesabu mpaka kioo kikasema kazi imekwisha. Hapo akakigeuzia ukumbi, akafungulia sauti moja. Ilikuwa ya mzee aliyekufa, inakwaruza lakini wazi: "Mwaka wa elfu mbili na mbili. Hillary, mwana wa Khaemba. Alisimama mbele ya kisu na matope mwilini, hakupepesa jicho."

"Mbona leo unapepesa?" Wekoye alimuuliza.

Hakuna aliyecheka.

"Pakia vyuma vyako, fundi," Lenah alisema. "Hiyo ya nne iache hapo."

Hillary alimfuata Wekoye mpaka nje ya lango, kofia mkononi. "Kuka, nipige faini, hata ng'ombe nitatoa. Lakini kwa kitabu usiniandike. Niko na watoto, watasoma."

"Watasoma, ndiyo," Wekoye alisema. "Uliniambia nikalale. Sikulala."

Jua lilikuwa bado juu alipoketi kwa Lenah na ile kompyuta yake yenye W. Alichomeka kadi, akafungua kitabu, akatafuta mwaka wa elfu mbili na mbili. Chini ya sifa ambayo yule mzee alimpa Hillary aliongeza mstari mmoja: "Alipokuwa mtu mzima, aliiba majina ya wazee wake akayaita chuma."

Aliusoma mara mbili. Akasahihisha herufi moja, akahifadhi, akairudisha kadi kwenye kikopo.