Prii na Pawa kwa Fundi Kipriani

Mwalimu Lusajo alikuwa mtu wa Rungwe aliyepangiwa kufundisha fizikia Kibondo, na kwa miaka sita hakuna aliyewahi kumwona akikosa jibu. Amplifaya yake ya sebuleni ilipoungua, alimchukua mkewe Anifa, muuguzi, wakaenda Kasulu kwa fundi redio aitwaye Kipriani Manirambona.

"Amahoro," Kipriani aliwakaribisha, akawasogezea benchi. Mezani palikuwa na amplifaya mbili za mtumba: moja ya rangi ya fedha, nyingine nyeusi, nzito hata meza ililia alipoisogeza.

"Mwalimu, ndani ya kila moja mna kazi mbili," alisema. "Kuna prii, inapokea sauti ikingali ndogo, inaisafisha na kuipanga. Halafu pawa, inaipa nguvu ya kusukuma spika. Hii ya fedha prii yake safi, pawa imechoka. Nyeusi pawa yake ni ng'ombe dume, ila prii inachafua sauti."

Lusajo aliitikia kwa kichwa. Mambo hayo alikuwa akiyafundisha kidato cha nne.

Kipriani akaweka wimbo wa kwaya, akahamisha nyaya kutoka moja hadi nyingine. Lusajo akasema nyeusi ni bora. Wakarudia, akasema ya fedha. Mara ya tatu akarudi kwenye nyeusi.

"Baba Rehema," Anifa alisema taratibu, "kila mara unachagua iliyofunguliwa sauti zaidi."

Kipriani akacheka kidogo, akatoa simu yenye kipimo cha sauti, akazisawazisha. Wimbo ukaanza upya. Lusajo akafumba macho, akasikiliza sauti za kina mama, akasikiliza ngoma. Hakuona tofauti yoyote. Akafumbua macho akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyofika.

"Zima wimbo, acha mashine iwake," Anifa akashauri.

Kipriani akausimamisha. Nyeusi ikabaki ikivuma shshsh, kama mvua ya mbali. Ya fedha ikanyamaza kimya. Hapo walau Lusajo akapata pa kushika. Kumbe mapema mno, maana Kipriani alipourudisha wimbo na kuifungua ya fedha hadi juu, sauti ikapasuka na kukwaruza, huku nyeusi ikiimba bila kutetereka.

"Sasa ipi ndiyo nzuri?" Lusajo aliuliza, karibu kwa kulalamika.

"Tunaweza kuzioanisha." Kipriani akavuta waya nyuma, akapitisha sauti kwenye prii ya fedha, kisha kwenye pawa ya nyeusi. "Haya, sikia."

Ilikuwa tamu. Au Lusajo aliiona tamu kwa kuwa fundi alishamwambia itakuwa tamu? Hakujua. Akaomba irudiwe mara mbili, na bado hakujua.

Anifa akasimama. "Nyumbani tunasikiliza kwa sauti gani?"

"Ndogo. Mama yake Ildefonsi, ukuta wa pili, ni mgonjwa."

"Basi hilo ng'ombe dume tukalilimishe shamba gani?"

Wakaondoka na ya fedha.

Jumapili jioni jirani yao Ildefonsi alibisha hodi, akaketi, akaisikiliza ile kwaya mpaka ubeti wa mwisho. "Imetulia," alisema. "Mwalimu, hii ndiyo iliyokuwa bora kule?"

Lusajo alifungua kinywa kuanza na prii, akaona itabidi aende kwenye pawa, na baada ya hapo njia hakuiona.

"Sijui," alijibu.

Ildefonsi akaangua kicheko, akidhani anataniwa. Anifa hakucheka. Alimmiminia mumewe chai, naye Lusajo akaipokea huku amekiinamisha kichwa kwenye spika ya kushoto, kisha ya kulia, akisikiliza.