Mbao za Albano

Jumatatu ya pili ya mwezi wa pili, mwaka 2021, fundi Stephano alifungua kopo la vanishi kwenye banda lao la Keko, akaliinamia kama kawaida yake, na vanishi haikunuka. Akalitikisa. Akasoma tarehe iliyoandikwa kitakoni. Akampa mwenzake Albano anuse, naye Albano akarudisha kichwa nyuma na kusema vanishi ile ni kali mpaka inachoma macho. Stephano akafunga kopo, akachukua msasa, akaendelea kusugua kichwa cha kitanda huku akikohoa.

Kikohozi kilikuwa kimeanza Jumamosi. Kilikuja na filimbi nyembamba, ikafuatwa na mikwaruzo mitatu, kikaishia ghafla, kama randa inapokwama kwenye fundo la mti. Hakuna aliyekitilia maanani. Keko kila mtu anakohoa. Vumbi la mbao halichagui, na fundi asiyekohoa watu hujiuliza kama kweli anafanya kazi. Isitoshe, ule ugonjwa wenyewe ulikuwa umeshasemwa kwamba nchini haupo, na mtu hawezi kuugua kitu kisichokuwepo.

"Nenda kapumzike, mdogo wangu," Albano alimwambia. "Kitanda kina miguu minne, lakini hakikimbii."

"Ni vumbi tu, kaka. Tumalize hiki kichwa, kesho nitalala."

Kitanda chenyewe hakikuwa cha mteja. Kilikuwa cha Noela, binti wa Albano, ambaye angeolewa baada ya Pasaka. Mbao zake, mninga mtupu, Albano alizinunua miaka miwili nyuma, kabla hata mchumba hajajitokeza, akazipandisha darini nyumbani kwake na kuzigeuza kila mwezi kama mgonjwa asiyejiweza. Alizishusha siku alipozigonga kwa kifundo cha kidole zikalia, kama inavyolia mbao iliyokauka. Albano alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi kati ya hayo machache yalihusu mafundi wanaouza mbao mbichi. Aliwaita wezi wanaokuja mchana na kukuandikia risiti.

Banda lilikuwa na penseli moja. Mafundi hawa wawili walitoka kijiji kimoja upande wa Masasi, wakafundishwa na mzee mmoja, na mzee huyo aliwafundisha kulowesha ncha kwa ulimi kabla ya kupiga mstari, kwa sababu mstari mkavu hudanganya. Basi kutwa nzima penseli ilitoka ulimini kwa Stephano ikaenda kwenye mbao, ikatoka kwenye mbao ikaenda ulimini kwa Albano, ikarudi. Saa kumi jioni Genoveva, mke wa Albano, akawaletea chai.

Jumanne Stephano alishindwa kuinuka kitandani.

Mkewe Jesca alichemsha nyungu ya mwarobaini, mchaichai na maganda ya limau, akamfunika blanketi, akamfukiza asubuhi na jioni mpaka kuta za chumba chao zikatoka jasho. Mgongo ulimuuma kana kwamba amelala juu ya patasi. Chai ya tangawizi haikuwa na ladha. Siku moja Jesca alikosea akatia chumvi badala ya sukari, naye akaimaliza na kumshukuru. Pumzi ilifika kooni, ikageuza, ikarudi ilikotoka. Stephano aliogopa. Aliogopa kulala hasa, maana hakuwa na hakika kwamba kifua kingeendelea na kazi asipokisimamia.

Siku ya kumi na sita, saa mbili asubuhi, kikohozi kilimtoka. Kilimtoka chote kwa mkupuo mmoja, kikasimama kidogo mlangoni, kikaenda zake. Jesca, aliyekuwa akipeta mchele kizingitini, alisogeza miguu kukipisha. Jirani aliyekuwa akifua alikisikia kikipita nyuma yake akasema, "Pole," bila kugeuka, na kikohozi kikashika njia ya Keko.

"Kimeenda," Jesca akamwambia mumewe. "Uji utakunywa?"

"Nitakunywa."

Aliusikia utamu wa sukari, kwa mbali. Jesca alingoja amalize bakuli ndipo alipomwambia kwamba Albano alianza kuumwa Ijumaa ya wiki ile ile aliyolala yeye, wakamkimbiza hospitali akiwa hapati hewa, akafariki Jumapili iliyopita na kuzikwa Jumatatu. Karatasi ya hospitali ilisema presha. Waombolezaji walikaa mbalimbali, na hakuna aliyesema kwa nini wanakaa mbalimbali.

Albano hakuwa na presha. Aliwahi kupimwa bure kwenye viwanja vya kanisa na nesi akamwita mwenzake aje aone vipimo vilivyo vizuri. Stephano alilikumbuka hilo, akalia. Alilia kwa vituo, akipumzika katikati, maana kulia nako kunahitaji pumzi.

Aliporudi bandani, kitanda kilikuwa kimesimama kama alivyokiacha, ila kichwa kilikuwa kimeshaunganishwa. Albano alikimaliza peke yake kabla hajazidiwa. Stephano alizunguka akikigusa. Saa kumi jioni kitanda kikakohoa. Filimbi, mikwaruzo mitatu, fundo.

Elibariki, fundi sofa wa banda la jirani, aliendelea kupigilia kitambaa.

"Kinakohoaga hivyo toka wiki jana," alisema. "Saa kumi kwa saa kumi. Sie tushazoea." Akapigilia misumari mingine miwili. "Ni chako, si ndiyo?"

"Nani kasema?"

"Hajasema mtu, braza. Tuna masikio."

Haikuwa Keko tu. Huko Mikocheni kulikuwa na kabati lililokohoa kwa sauti ya mama wa makamo, na benchi moja la kanisa lilikohoa kila ibada ya kwanza, mahali pale pale alipokuwa akikaa mzee wa kanisa aliyefariki Januari. Malalamiko yalifika ofisi inayohusika, nayo ofisi ikatoa waraka: samani zinazokohoa zimetengenezwa kwa mbao mbichi, unyevu unapotoka hutoa sauti, wananchi wasiwe na hofu.

Afisa aliyeletwa Keko aliitwa Revelian, mtu mpole mwenye miwani na mkoba. Alifika saa tisa na nusu, akakaa juu ya gogo, akasubiri. Saa kumi kitanda kilipoanza, alikiacha kimalize kwanza, kama mtu mwenye adabu mbele ya mkubwa anayeongea. Kisha akatoa fomu. Sehemu ya sababu ilikuwa imeshachapwa: mbao mbichi.

"Hapo chini, fundi. Jina na saini."

Stephano aliishika ile fomu muda mrefu. Akisaini, Albano aliyegeuza mbao darini miaka miwili atakuwa fundi wa mbao mbichi, na hayupo kujitetea. Asiposaini, ataulizwa kikohozi ni cha nani, na kilifuata nini kwenye kitanda cha mtoto wa marehemu. Akalowesha ncha ya kalamu kwa ulimi, kwa mazoea, akasaini.

Revelian alimshukuru. Akapaka gundi nyuma ya nakala moja, akaibandika kwenye kichwa cha kitanda, akaipiga pasi kwa kiganja ikashika.

Habari Keko haihitaji gari. Kufikia Jumamosi ilijulikana mpaka kwa wenye magenge kwamba Albano, yule yule aliyekuwa akiwasema wenzake, alimjengea bintiye kitanda cha mbao mbichi. Nyani haoni kundule, watu wakasema, na wengine walicheka kabisa. Upande wa mchumba ukatuma neno kwamba kitanda hicho kitapinda, afadhali wanunue kingine.

Noela alikuja peke yake. Alisoma karatasi, akapitisha mkono juu ya mbao, akavua kanga ya mabegani akakifunika kichwa cha kitanda ili karatasi isisomeke.

"Baba mdogo," alisema, "kumbe baba naye alikuwa hivyo?"

"Mbao zina mambo yake, mwanangu," Stephano alijibu.

Katika maisha yake Stephano alikuwa amesema uongo wa kutosha, mwingi wa kuahidi kabati Ijumaa wakati mlango haujakatwa. Lakini neno lile lilimkaa kooni kuliko maradhi yenyewe. Alilimeza na maji, halikushuka. Jumapili, baada ya misa, alikwenda kwa Genoveva.

Alimkuta uani amekaa kwenye mkeka, amevaa nguo nyeusi, anachambua mchicha.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Kaa."

Alikaa. Alisema kila kitu kwa mfululizo, akiangalia mchicha. Kile kikohozi ni changu. Nilikuja nacho kazini tangu Jumamosi. Kaka aliniambia nirudi nyumbani, nikakataa. Penseli tuliitumia moja. Haikuwa presha, shemeji. Ni mimi.

Genoveva aliondoa majani mawili yaliyotobolewa na wadudu.

"Wewe si ugonjwa, Stephano. Ugonjwa una jina lake."

"Najua."

"Basi litaje. Hapa kwangu hakuna aliyelitaja. Padri kaja, kalikwepa. Wifi zangu wamekaa siku saba, wamelikwepa."

"Korona," Stephano alisema.

Kuku waliendelea kuparua. Mtu wa nyumba ya pili aliendelea kutwanga. Genoveva aliweka chini ungo wa mchicha na kulia kwa sauti, kilio ambacho matanga hayakukipata, na Stephano akakaa pale pale mpaka kilipokwisha, maana hakuona pengine pa kwenda.

"Kikohozi chako nilikisikia siku ile nawaletea chai," Genoveva alisema alipojifuta. "Nikakisikia, na bado nikawapa kikombe kimoja, kwa sababu kile kingine kilivunjika mkono. Kwa hiyo na mie nina fungu langu humo, usijibebeshe lote. Kukusamehe, nitakusamehe siku nikiweza. Leo siwezi." Akauvuta ungo. "Lakini zile mbao, Stephano. Yule mtu alikuwa akipanda darini na goti linamuuma. Wewe ulimwona. Nenda kaseme mbao zilikuwa kavu."

Kesho yake Stephano alikwenda ofisini na kipande cha mninga kilichobaki walipokata mguu wa kitanda. Aliingia, akasalimia, akakiweka juu ya meza ya Revelian na kukigonga kwa kifundo cha kidole. Kipande kililia. Makarani watatu wakainua vichwa.

Revelian alikichukua akakipima mkononi. Alikuwa mtoto wa fundi, kumbe, huko kwao Bukoba.

"Kavu," alisema. "Kavu kabisa. Huyu mtu alikuwa anajua kazi."

"Basi bandua ile karatasi."

"Nikiibandua nitaandika nini, fundi? Wakiniuliza kinachokohoa ni nini?"

"Andika korona. Andika niliileta mimi, na aliyekufa ni Albano, na mbao zilikuwa kavu."

Revelian alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema hiyo haimo kwenye orodha. Alipokuwa akisema hivyo alijisogeza kidogo, na kiti chake kikakohoa, taratibu, kikohozi cha mtu aliyesoma. Makarani wakarudisha macho kwenye karatasi zao. Stephano akamtazama Revelian, na Revelian akatazama dirisha.

"Mbao mbichi," Revelian alisema.

Walipeana mikono. Stephano akachukua kipande chake akaondoka.

Hakuishia hapo. Alipita banda kwa banda, akisimama mbele ya kila fundi na kipande chake mkononi, akikigonga na kusema kikohozi ni changu, mbao ni kavu. Wengine walimwambia pole. Wengine walimwambia wanajua, ila wana kazi. Elibariki alizima cherehani akamsikiliza mpaka mwisho, na tangu siku hiyo hakumwazima tena penseli yake. Kwa Noela alikwenda mwisho, na huko hakugonga chochote; alimwambia tu kwamba alimdanganya. Noela akasema kitanda anakwenda nacho, na asiyekitaka alale chini.

Harusi ilifanyika mwezi wa sita. Kitanda kilipelekwa Bunju, kwenye chumba ambacho Noela na mumewe Wilfred walikuwa wamepanga, na Stephano mwenyewe alikifunga, akapanga chaga, akahakikisha hakichezi. Karatasi ya Revelian walishindwa kuitoa. Gundi ilikuwa nzuri, na kuikwangua kungeumiza vanishi. Wilfred alikuwa juu ya stuli anafunga balbu ilipofika saa kumi. Filimbi, mikwaruzo mitatu, fundo.

"Pole," Wilfred alikiambia kitanda, akaendelea na balbu yake.

Mwaka huo huo ugonjwa uliruhusiwa kuwepo. Ulitajwa redioni kwa jina lake, watu wakapanga foleni kuchanjwa, na Revelian alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Genoveva akachukua karatasi ya presha akarudi nayo hospitali. Walimpokea vizuri, wakampa kiti, wakamweleza kwamba karatasi ikishagongwa muhuri imegongwa.

Kusikia harufu kulimrudia Stephano kidogo kidogo, kwanza vanishi, kisha vitunguu. Mninga haujarudi mpaka leo. Huutambua kwa uzito na kwa sauti. Kila mwezi wa pili hupanda gari mpaka Bunju. Noela humtengea chai kwenye kikombe chake, na Genoveva akiwapo, humsalimia, nao huongea mambo mengine. Ikikaribia saa kumi Stephano huinuka, akaingia chumbani, akasimama kando ya kitanda kikikohoa kikohozi chake mpaka kimalize. Kisha hukunja kidole na kugonga kichwa cha kitanda, pembeni ya ile karatasi. Mbao hulia.

"Kavu," husema, kwa sauti ya kusikika mpaka nje, na hakuna anayeandika.