Rili Mbili Ndani ya Tangi

Mdogo wangu alipoingia kupima chumba changu kwa futikamba, nilikuwa na kibano mdomoni na beringi mkononi, kwa hiyo sikuweza kumtukana papo hapo. Bahati yake.

"Dada, endelea tu na kazi," alisema, akivuta ule utepe kutoka mlangoni hadi kwenye benchi langu. "Napima tu."

Nikatoa kibano mdomoni. "Unapima jeneza la nani?"

Akacheka, akaandika kitu kwenye kiganja chake kwa kalamu, akatoka. Nilijua kuna jambo. Mtu hapimi chumba cha mwenzake kwa mapenzi.

Duka ni letu wawili, jengo ni la mama. Mbele anauza yeye: fimbo za kuvulia, nyuzi, ndoano, na rili mpya zilizopangwa kwenye rafu za kioo ambazo huzifuta kwa mkono wake, mpaka wateja wakampa jina la Kioo. Nyuma natengeneza mimi. Mimi wananiita Mama Grisi, jina ambalo mwanzoni lilinikera, na siku hizi ukiniita kwa jina jingine sigeuki. Kwa asiyejua, rili ni ile mashine inayofungwa kwenye fimbo ili kukunja uzi. Zinazoletwa kwangu ni za watu wanaovulia ufukweni, wanaosimama maji yakiwa magotini na kurusha chambo kivuke mawimbi. Rili ya namna hiyo inakula chumvi na mchanga kila inapotoka nyumbani, na ile iliyo bora kweli ina bei ya kumfanya mwanaume mzima amfiche mkewe risiti.

Jioni hiyohiyo Kioo akanieleza. Alikuwa ameleta toleo jipya, rili iliyofungwa kwa mipira kila upande, isiyoingiza maji wala mchanga. Alitaka chumba changu kiwe ukumbi wa kuionyesha.

"Sasa dada, kama kitu hakiharibiki, fundi wa nini?"

"Na mimi niende wapi?"

"Si utafanyia nyumbani? Utakuwa umetulia."

Nyumbani! Kwenye meza ya kulia, wajukuu wakicheza na skrubu zangu! Nani atanifuata huko? Fundi aliyefichwa husahaulika, na mimi kazi hii ndiyo inayoniamsha asubuhi. Nikamwambia ng'o. Naye akaniambia tutaona.

Kilichofuata nilijitakia mwenyewe. Ili watu waiamini rili yake, Kioo aliweka tangi la kioo kwenye dirisha la mbele, akalijaza maji ya bahari na mchanga, akaizamisha humo. Watu wakawa wanasimama barabarani kuitazama. Nilipotoka na kukuta umati ule, mdomo wangu, ambao hunitangulia kila mahali, ukanitangulia na hapo.

"Kulala majini hata sufuria inalala," nikasema mbele ya wateja. "Tia na yangu tuone."

Yangu ni rili ya zamani, iliyokuwa bingwa enzi zake, na nimeifungua mara nyingi kuliko kabati langu la nguo.

"Na ikishindwa?" Kioo akauliza.

"Ikishindwa, chukua chumba."

Mkewe alikuwa kaunta, akaruka kama aliyeshinda bahati nasibu. "Wifi! Maneno hayo yana mashahidi!"

Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, anapokaa kila siku kuhakikisha hatuuani. Alimtazama kwanza Kioo. "Kipya kinyemi ingawa kidonda," akamwambia. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, ulimi hauna mfupa, lakini umekuponza. Haya, Jumamosi zitatolewa, nitazizungusha mwenyewe. Macho yangu yamechoka ila mkono wangu haudanganyiki."

Wiki ile sikula vizuri. Kila nilipopita dirishani niliiona rili yangu imelala ubavu, mchanga umeifika shingoni, na nilijua nisichotaka kukijua: haina ile mipira ya kuzuia maji. Ina grisi yangu tu. Wifi naye hakuniacha nipumue.

"Wifi, nimeanza kuchagua pazia za ukumbi."

"Chagua nyeusi. Mtafiwa."

Nilikuwa naogopa, nisiseme uongo. Nilimjibu kwa ukali kwa sababu ukali ndio uliokuwa umebaki.

Jumamosi duka lilijaa mpaka nje. Wavuvi wa ufukweni walikuja na viatu vyenye mchanga, na kwa mara ya kwanza Kioo hakuwafokea. Nesi naye alikuwepo, mstaafu wa hospitali, mwanamke mrefu anayevua kila alfajiri na mteja wangu wa tangu zamani. Alisimama karibu nami, akanishika bega. Kioo akakunja mikono ya shati, akazitoa rili zote mbili, akazikung'uta maji, akampa mama ile mpya kwanza.

Mama akazungusha mkono wa rili. Hakukusikika kitu. Akazungusha tena, haraka, kisha polepole, akatabasamu bila kutaka. "Laini," akasema.

Akapokea yangu. Ilizunguka, ndiyo, lakini ilizunguka kwa kusaga meno. Krrr. Duka zima lilisikia. Mama akajaribu mara ya pili, nadhani kwa huruma, ikasaga tena.

"Ina mchanga," akasema. Mama yangu hapendelei, na siku hiyo nilitamani angependelea. "Kioo ameshinda."

Watu wakapiga makofi. Wifi akapiga vigelegele. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini sakafu ya Kioo ni ya vigae na haikupasuka.

"Chumba ni chako," nikamwambia. "Neno ni neno."

Nilikuwa tayari kuondoka. Kilichonizuia ni rili yangu yenyewe, iliyokuwa mkononi mwangu ikidondosha maji machafu. Sikuweza kutoka nayo hivyo. Mtoto akishindwa mbio, humlazi na matope yake mwilini, unamwogesha kwanza. Chumba hakikuwa changu tena, basi nikaleta sinia langu, bisibisi na mswaki, nikakaa kwenye meza ya kioo palepale mbele.

"Dada, kioo!" mdogo wangu akalia.

Nikatandika gazeti.

Nikatoa bobini ya uzi, nikalegeza breki, nikafungua ubavu. Kila skrubu niliiweka kwenye sinia kwa mpangilio wake. Mchanga ulikuwa umejificha kati ya meno ya gia, nikautoa kwa mswaki na mafuta ya taa, mpaka shaba ikaanza kung'aa. Nikaosha beringi, nikazikausha, nikazipuliza zikazunguka kwenye ncha ya kibano. Nikapaka grisi, kidogo, maana grisi nyingi ni uvivu. Nilikuwa na hasira mwanzoni, lakini hasira na skrubu ndogo havikai mkono mmoja. Sikuona kwamba kelele zimepungua. Nilipoifunga na kuinua kichwa, watu walikuwa wameizunguka meza yote, hata waliokuwa nje wameingia.

Nikasukuma mkono wa rili kwa kidole kimoja na kuuachia. Ukaendelea kuzunguka wenyewe, kimya, muda mrefu.

Nesi akaichukua, akaisikiliza sikioni. Kisha akamgeukia Kioo.

"Mwanangu, hii yako mpya ikiumwa, nani anaifungua?"

"Haiumwi, mama."

"Nimefanya kazi wodini maisha yangu yote. Hakuna kisichoumwa."

Kioo ana makosa yake, lakini mteja hamdanganyi, hilo nampa. "Inarudishwa kiwandani," akasema, sauti imeshuka. "Unaletewa nyingine."

"Lini?"

"Inategemea meli."

Watu wakacheka. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma, anayevaa kofia ya majani hata ndani, akapaza sauti: "Na samaki nao wataisubiri meli? Halafu mimi sitaki nyingine. Nikishaizoea, nataka yangu!"

Hapo udadisi ukanipanda. Kitu ambacho hakijafunguliwa kinaniwasha mikono. "Hebu nipe hiyo mpya," nikamwambia Kioo.

Akaikumbatia. "Dada, ukiifungua waranti inakufa!"

"Si umesema haiharibiki? Waranti ya nini?"

"Mpe dada yako," mama akasema kutoka kwenye kiti.

Akanipa. Niliifungua taratibu, maana mipira ile ilikaa mahali pake kwa ustadi, na nilipoinua kifuniko nikakuta ndani pakavu, gia zimesimama kama zilivyotoka kiwandani. Nilipaswa kuumia. Badala yake nilifurahi. Kazi nzuri naiheshimu hata inaponifukuza.

"Ndani pakavu kabisa," nikatangaza. "Waliotengeneza hii wanajua kazi. Kioo hakuwaongopea."

Mdogo wangu akanitazama kana kwamba nimemwaga dhahabu mezani. Lakini nilikuwa sijamaliza. Kuna kirola kidogo huko nje, uzi unapopinda kabla ya kuingia kwenye bobini, na mpira wowote ule haukifuniki vizuri. Nikakigusa kwa ukucha. Kilizunguka nusu, kikakwama.

"Na hapa chumvi imeshaingia," nikasema. Nikamsogezea Nesi akiguse, naye akampisha mzee wa kofia. "Mama hangeweza kuisikia, kwa sababu rili haina uzi. Lakini siku samaki mkubwa anakimbia, uzi utasuguka hapahapa mpaka ukatike, na ataondoka na ndoano yako."

Mzee wa kofia alikunja uso. Nadhani alimkumbuka samaki wake. Nikakitoa kirola, nikakiosha, nikatia tone moja la mafuta, nikakirudisha. Kikazunguka kwa pumzi tu.

"Basi. Ikipita mkononi mwangu kila msimu, rili hii itamzika mwenye nayo."

Nesi hakungoja. "Naichukua," akasema. "Hiihii iliyofunguliwa."

Kioo alikuwa hajauza hata moja tangu aweke lile tangi. Watu walitazama, wakasifu, wakaenda zao. Aliniambia mwenyewe baadaye. Sasa alikuwa anatafuta mfuko wa kuitilia.

"Ila nanunua kwa sharti moja," Nesi akaendelea. "Mama Grisi asihame."

"Na mimi nataka moja," akasema mzee wa kofia, "kwa sharti hilohilo."

Sauti nyingine ikatoka mlangoni, na nyingine. Mtu akapitisha juu ya vichwa rili yake kuukuu iliyofungwa kwenye kitambaa, akaniomba niiangalie. Nilikuwa nimekaa tu, bisibisi mkononi. Wifi alikuwa ameacha kaunta. Hakuwa na utani wowote.

Kioo akamtazama mama.

"Usinitazame mimi," mama akasema. "Mshindi ni wewe. Chumba ni chako. Sema utakifanyia nini."

Mdogo wangu alitazama rafu zake, akatazama watu, akanitazama mimi na gazeti langu lililolowa mafuta ya taa juu ya meza yake. Akazunguka kaunta, akaja kusimama nyuma ya kiti changu, akaweka mikono yake yote miwili mabegani mwangu. Alikuwa hajafanya hivyo tangu tukiwa wadogo.

"Hahami," akasema.

"Hatujasikia!" mzee wa kofia akapiga kelele kutoka nyuma.

"Nimesema hahami!" Kioo akapaza sauti mpaka vioo vikalia. "Benchi lake linakuja huku mbele, dirishani, kila apitaye aone! Nani wa kwanza?"

Mikono ikainuka duka zima, ikiwa na rili mpya na kuukuu, nyingine zimeota kutu. Nilikuwa nimeshindwa mbele ya watu wote wale, na sijawahi kushinda hivyo maishani mwangu. Nikalia palepale, mikono yote imejaa grisi, sina pa kujifutia machozi.