Goti la Mangi

Goti la kushoto la Tarsis lilipoanza kuvimba, Mtaa wa Kongo mzima, pale Kariakoo, uligeuka kuwa hospitali. Muuza maji alisema ni gauti, akamkataza nyama. Mama wa mgahawa akasema ni baridi yabisi, akamletea mafuta ya kuchulia yanayonuka kama soksi za timu nzima. Tarsis alifuata ushauri wote isipokuwa ule wa nyama, na goti likazidi kuumuka mpaka suruali ikabidi ifumuliwe mshono.

Tarsis aliuza vitenge kwa jumla. Duka lake lilipakana ukuta na duka la Abdulswamad, muuza udi na marashi, mzaliwa wa Gerezani ambaye babu yake naye alizaliwa Gerezani, jambo ambalo halikukosa kutajwa hata kwa mteja aliyekuja kuulizia choo. Wawili hao walikuwa wametaniana tangu enzi wote wana nywele. Abdulswamad alimwita jirani yake Mangi, kama Dar nzima inavyomwita kila Mchaga mwenye duka. Tarsis alimwita Shehe, na kila asubuhi alimuuliza kama watu wa pwani wamekubaliana kuamka au kikao bado kinaendelea.

Utani mmoja tu haukuwahi kumchekesha Tarsis. Kila Desemba, maduka ya Wachaga yalipofungwa watu wakaelekea Kilimanjaro, Abdulswamad alimsindikiza mpaka kwenye gari na kumwambia, "Haya Mangi, nenda kanywe damu yako." Tarsis alijibu kwa ukali kwamba hayo ni mambo ya kizamani, kwamba wao siku hizi ni watu wa soda. Aliyarudia maneno hayo miaka mingi kiasi kwamba, akiwa Kariakoo, aliyaamini mwenyewe. Shida ni kwamba yeye ni kifungua mimba, na kule Kibosho, katika ukoo wake, mbuzi wa Krismasi akichinjwa, kata ya kwanza ya kuchotea damu, ikiwa bado ya moto, ni ya mtoto wa kwanza wa kiume. Tarsis hakuwahi kuikosa.

Goti lilipogoma kabisa kukunjika, Abdulswamad alimkokota mpaka hospitali kwa binti yake. Badria alikuwa daktari wa upasuaji wa mifupa, na alikuwa akifanya utafiti juu ya maambukizi adimu ya viungo na mifupa. Baba yake aliueleza utafiti huo sokoni kwa kusema kwamba mtoto wake amesoma sana, sasa anatafuta magonjwa ambayo hayana watu.

"Shikamoo, ami," Badria alisema, akilishika goti kwa viganja viwili kama anayepima papai.

"Marahaba, mwanangu."

"Nina maswali kidogo. Baba, tupishe."

"Abaki," Tarsis akasema, huku akinyoosha mkono wa kiungwana. "Huyu ni ndugu yangu. Sina la kumficha."

Kauli hiyo alikuja kuijutia upesi. Badria aliuliza kama ana kikohozi, kama nyumbani kuna mgonjwa wa kifua kikuu, kama aliwahi kuanguka au kuchomwa na kitu. Tarsis alijibu vizuri tu. Kisha Badria akauliza, "Na wanyama je, ami? Unafuga, unachinja, unakunywa maziwa mabichi au damu mbichi?"

Abdulswamad aliinua macho akaanza kuitazama feni ya darini, ambayo haikuwa inazunguka.

"Mwanangu," Tarsis alisema, "mimi ni mtu wa vitenge. Mnyama ninayemjua ni paka wa stoo."

Badria alimwamini. Mtu aliyekununulia viatu vya shule ukiwa mtoto, ukimkuta mbele yako mgonjwa, humwamini tu. Alivuta maji ya goti kwa sindano, akayapeleka maabara, na maabara hawakuotesha kijidudu chochote. Kipimo cha kifua kikuu nacho hakikusema kitu. Picha ilionyesha mfupa umeanza kuliwa pembeni, kidogo, lakini umeanza.

"Itabidi nilifungue," Badria alimwambia. "Nisafishe, nikate kipande nikakipime. Ila sikufichi, ami. Naingia humo bila kumjua adui. Naweza kusafisha leo, akarudi tena, nikafungua tena. Tukienda hivyo goti litakakamaa, libaki limenyooka maisha yako yote."

Tarsis aliitikia kiume, akasema yote ni ya Mungu. Lakini alipolazwa na kuachwa peke yake wodini aliogopa, aliogopa kwelikweli. Mguu ulionyooka hauchuchumai. Hachuchumai mwenye mguu huo kufungua robota la vitenge, hapigi magoti kanisani, na kule Kibosho hainami kwenye kaburi la baba yake kung'oa majani, kazi ambayo kila Krismasi hakumwachia mtu mwingine. Aliwaza kuhusu swali la damu, akaliondoa. Kisha likarudi. Akajiambia kwamba wajomba zake wote wamekunywa na wamekufa wazee, wengine kwa kuanguka tu kutoka kwenye miti.

Siku ya upasuaji asubuhi, Abdulswamad alifika na machungwa ambayo mgonjwa alikuwa amekatazwa kula. Alikaa ukingoni mwa kitanda akaanza kujimenyea mwenyewe. Badria naye akaingia na kalamu nene ya wino, akakunja shuka, akachora mshale mkubwa kwenye paja la kushoto, ukielekea chini kwenye goti.

"Wa nini huo?" Tarsis aliuliza.

"Nisije nikafungua mguu mzima."

Tarsis aliutazama ule mshale. Ulikuwa mweusi, umenyooka, na haukuwa na utani hata kidogo.

"Dokta," alisema. "Ile damu."

"Damu gani, ami?"

"Ya mbuzi. Nakunywa. Kila Krismasi, mbichi, mimi wa kwanza." Akafumba macho akingoja kicheko cha upande wa pili wa kitanda, kile alichokikimbia muda wote huo.

Kicheko hakikuja. Abdulswamad alikuwa akitoa kokwa mdomoni. "Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Nilikuona. Kwenye msiba wa baba yako. Nilikuwa natafuta maji ya kutawadha, nikazunguka nyuma ya nyumba. Ulikuwa umeshika kata, una sharubu nyekundu."

Tarsis alifumbua macho. Msiba ule aliukumbuka kwa jambo moja lililomchoma. Rafiki yake alisafiri mpaka Kibosho kumzika mzee, kisha akakataa nyama mbele ya ukoo mzima, akala ndizi na chai, akisingizia tumbo. "Kwa hiyo ndiyo maana hukula," alisema. "Nami nilidhani unatuona wachafu. Iliniuma, Shehe. Mpaka leo inaniuma."

"Sikujua mbuzi amechinjwa na nani, na ningeulizaje msibani? Na lile la sharubu nalo ningelianzia wapi? Nikaona nikutanie tu, iko siku utasema mwenyewe. Ona sasa, goti limekutangulia kusema."

Badria hakuwa anacheka. Alisimama na kalamu yake, akawatazama wote wawili mmoja baada ya mwingine.

"Baba. Ulikuwa unajua, na siku ile ukakaa unaangalia feni?"

"Alikuwa ameniita ndugu," Abdulswamad alisema kwa sauti ndogo. "Ningemuumbua vipi?"

"Haya. Huyu anaona aibu, wewe unamwonea aibu, na mimi mnanipa kisu."

Badria alichukua pamba na spiriti, akaufuta mshale, tena kwa nguvu, mpaka paja likawa jekundu. Kisha akapiga simu maabara, akawaambia wachukue damu ya mgonjwa waipime brusela, kijidudu cha mbuzi na ng'ombe, na wayarudie yale maji ya goti kwa uangalifu. Kijidudu hicho huota polepole, na asiyekitafuta hukitupa kabla hakijajitokeza.

Walikipata. Tarsis alichomwa sindano, akameza vidonge miezi kadhaa, mkojo ukawa rangi ya chungwa, na goti likashuka taratibu mpaka likafanana na mwenzake. Badria aliwaeleza madaktari wenzake kisa hicho kwenye mkutano bila kumtaja jina. Alisema tu ni mfanyabiashara wa Kariakoo, mwenyeji wa Kilimanjaro. Habari ikafika sokoni, na kwa muda mrefu hakuna Mchaga aliyepita Mtaa wa Kongo bila watu kumtazama magoti.

Desemba ilipofika, Abdulswamad hakumsindikiza Tarsis mpaka kwenye gari. Alipanda. Alibeba kisu chake mwenyewe na boksi la glavu za bluu alizopewa na Badria.

Kule Kibosho, mzee Melkiori, baba mdogo wa Tarsis, aliziangalia glavu hizo akauliza kama mbuzi anachinjwa au anafanyiwa upasuaji. Tarsis, naye kavaa zake, alichuchumaa akashika miguu ya mbuzi. Abdulswamad akataja jina la Mungu, akachinja, akaiacha damu yote itiririke kwenye shina la mgomba. Watu wa ukoo waliitazama inavyopotea ardhini.

Kisha Melkiori, kwa mazoea, akanyoosha kata. "Kifungua mimba," alisema.

Tarsis alivua glavu, akanawa, ndipo akaipokea. Aliichovya kwenye ndoo ya maji, akaijaza, akamgeukia rafiki yake aliyechuchumaa mbele yake. "Lete mikono, Shehe," alisema. "Leo unakula."

Abdulswamad alivua glavu, akakinga viganja. "Goti vipi?" aliuliza.

Tarsis alimnawisha polepole, akiwa amechuchumaa vilevile, mpaka maji ya kata yakaisha.